Mwalimu Verdiana na Miguu ya Kupe

Verdiana aliingia kwenye ualimu mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na minane na cheti cha darasa la saba. Wakati huo serikali ilitaka kila mtoto awe shuleni, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza la saba wakachukuliwa kufundisha huku wakifundishwa. Asubuhi alisimama mbele ya watoto. Mchana alikaa na wenzake kwenye benchi, wakisoma makaratasi ya masomo na kusikiliza redio ya mratibu wa mafunzo yao. Waliitwa walimu wa UPE, kwa jina la mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote. Jina hilo halikuwaacha. Hata baada ya miaka mingi, mwalimu aliyepitia chuo akitaka kumshusha mwenzake, alisema tu: yule ni wa UPE.

Kwao kulikuwa Mpimbwe, katika familia ya Wakatoliki waliolima mpunga na mahindi tangu enzi za babu zake. Aliolewa na Damiano, katekista, akamfuata upande wa Kasekese, kwenye shule yenye madarasa matatu ya tofali na ofisi moja iliyoezekwa nusu bati, nusu nyasi. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, na barua iliyotoka shuleni kwenda mjini ilisubiri mtu mwenye safari.

Kufikia mwaka 1994 alikuwa amefundisha miaka kumi na minane na hajawahi kupewa darasa lililozidi la tatu. Walimu wakuu wote aliowahi kuwa chini yao waliona ni sawa mtu wa UPE abaki na watoto wadogo. Yeye hakulalamika. Sayansi aliifundisha kama alivyofundishwa yeye: aliandika ubaoni, watoto wakanakili, wiki inayofuata akawauliza walichonakili. Darasa la tatu la mwaka ule lilikuwa na watoto sabini na mmoja na vitabu tisa.

Somo lililobadilisha mambo lilianza kama masomo mengine yote. Ilikuwa wiki ya pili ya Aprili, mvua zinaelekea kwisha. Verdiana aliandika ubaoni kwamba mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Akataka mifano. Watoto wakataja nzi, panzi, siafu, mende. Mmoja akasema kupe, na Verdiana akaandika kupe.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. Aliitwa Minza, binti wa Mwandu, Msukuma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga miaka sita nyuma. Minza alikuwa na miaka kumi na moja, mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu alikuwa amechunga ng'ombe kwanza ndipo akaandikishwa.

"Mwalimu, kupe ana minane," alisema.

Darasa likacheka. Verdiana alimwambia akae, kupe ni mdudu na mdudu ana sita. Minza akakaa. Hakubisha, ila hakunakili lile neno, na Verdiana aliliona hilo alipopita kusahihisha madaftari.

Kesho yake Minza alikuja na kiberiti. Ndani mlikuwa na kupe wanne waliotolewa kwenye masikio ya ndama. Alikiweka juu ya meza ya mwalimu, akarudi kwenye nafasi yake.

Verdiana angeweza kukitupa nje dirishani. Baadaye alimweleza mumewe kwamba alilifikiria hilo. Lakini watoto walikuwa wanatazama, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika, maana katika maisha yake yote, yeye binti wa wakulima wa mpunga, hakuwahi kumhesabu kupe miguu. Akachukua karatasi nyeupe, akamweka kupe mmoja katikati, akamzuia kwa kijiti. Akahesabu. Akarudia kuhesabu. Halafu akawaita watoto watano watano waje wahesabu, asiwaambie amepata ngapi. Zoezi hilo lilimaliza vipindi viwili. Watoto wachache walisema saba, na mmoja akasema kumi, lakini waliobaki wote walisema minane.

Alifuta neno kupe kwenye orodha iliyobaki ubaoni tangu jana.

"Jana nilikosea," alisema. "Minza alisema kweli."

 Watoto walikuwa hawajawahi kumsikia mwalimu akisema hivyo, na baadhi yao waliogopa.

Kama ingeishia hapo, lingekuwa jambo dogo. Lakini mtoto mmoja wa wakulima aliuliza hao kupe wanatoka wapi. Likazuka zogo. Wengine walisema wanatoka kwenye umande, ndiyo maana huwa wengi wakati wa masika. Wengine walisema wanaota kwenye jasho la ng'ombe kama chawa kwenye nguo chafu. Minza alisema wanazaa, ila alipoulizwa kama amewahi kuona, alisema hapana. Wakamgeukia mwalimu.

"Sijui," Verdiana alisema. "Nyie mnadhani tutajuaje?"

Jibu walilitengeneza wao, kwa muda mrefu na kwa kukatizana. Aliyesema umande akaambiwa atie majani yenye umande kwenye chupa, aifunge, aone kama watatokea kupe. Aliyesema jasho akaambiwa alete manyoya ya ng'ombe. Minza akaambiwa alete kupe waliovimba damu. Verdiana aliomba zahanati chupa nne tupu za dawa ya kikohozi. Akazifunga midomo kwa vipande vya kanga kuukuu na uzi, kupe wasitoke lakini hewa iingie. Moja ilikuwa na majani, moja manyoya, na mbili zilizobaki kila moja ilikuwa na kupe mmoja aliyevimba kama punje ya harage. Ziliwekwa kwenye rafu ya matofali nyuma ya darasa. Kila asubuhi, kabla ya mahudhurio, watoto wawili walikwenda kuzitazama na kuwaeleza wenzao walichoona.

Siku tano za kwanza hawakuona kitu. Siku ya sita kupe wote wawili walikuwa na chembe za kahawia mbele ya vichwa vyao, zinang'aa kama mbegu zilizopakwa mafuta. Siku ya kumi chembe zilikuwa rundo. Kupe wenyewe walisinyaa, wakawa kama ngozi tupu, wakafa. Chupa ya majani ilikuwa na ukungu, na ya manyoya ilibaki kama ilivyokuwa. Aliyeshikilia umande alisema labda majani yalikuwa machache. Verdiana alimwambia ajaribu tena na mengi, akajaribu, akapata ukungu mwingi zaidi.

Wakataka kujua mayai ni mangapi. Verdiana alimwaga rundo la chupa moja juu ya karatasi, akaligawa mafungu kumi na sita, kila kundi fungu lake na mwiba wa kusogezea. Walihesabu kuanzia mapumziko mpaka kengele ya kutoka. Makundi yalileta hesabu zao, akaziandika ubaoni zote, wakajumlisha pamoja taratibu kwa sababu hesabu za kufika elfu walikuwa wamezianza juzi tu. Ilikuja elfu mbili mia moja na arobaini na sita, ukiacha yaliyopeperushwa na mtoto aliyepiga chafya. Kwa kupe mmoja.

Mwalimu Mkuu, Gelasius, aliyaona haya yote dirishani na hakuyaingilia. Alikuwa mtu mwangalifu, amebakiza miaka minne kustaafu.

Mkaguzi alifika tarehe ishirini na nne Mei, kwa pikipiki, bila taarifa. Aliitwa Leonidas. Ilikuwa shule yake ya tisa mwezi huo. Aliingia darasa la tatu akakuta nusu ya watoto wamepiga magoti sakafuni kuzunguka chupa, nusu wanachora walichokiona, na mwalimu amekaa kwenye dawati la mtoto.

"Mwalimu, hili ni somo gani?" aliuliza.

"Sayansi, mzee."

"Mada?"

"Wadudu."

Alifungua azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya mwaka, akafuata mistari kwa kidole. "Hapa wadudu waliisha wiki ya pili ya Aprili. Leo ni mwisho wa Mei."

"Hawajamaliza, mzee."

"Nani hawajamaliza, watoto au wadudu?"

"Wote," Verdiana alisema.

Leonidas hakucheka, na Verdiana hakuwa amekusudia kumchekesha. Mkaguzi akamgeukia mtoto aliyekuwa karibu, akamuuliza mdudu ana miguu mingapi. Mtoto akauliza, "Mdudu gani?" Leonidas alilichukua kama utovu wa adabu. Alikagua madaftari, akakuta michoro na maneno machache, hakuna muhtasari ulionakiliwa ubaoni. Akaondoka na orodha ya makosa aliyoyaona.

Ofisini aliandika mistari mitatu kwenye kitabu cha ukaguzi: mwalimu hafuati azimio la kazi, wanafunzi hawana kumbukumbu za somo, wadudu waenezao magonjwa wamehifadhiwa darasani, waondolewe leo. Akasaini, akanywa maji, akawasha pikipiki.

Gelasius alimwita Verdiana baada ya masomo.

"Mama, mimi sina ugomvi na kupe," alisema. "Lakini hii imeandikwa, na ina saini. Wachome."

"Mayai bado hayajaanguliwa."

"Ndiyo maana uwachome sasa."

Verdiana alichoma yale mayai yaliyohesabiwa, ambayo yalikuwa yamekauka, pamoja na majani na manyoya, kwenye shimo la taka mbele ya darasa zima. Chupa ya nne, yenye mayai ya kupe wa pili, aliiweka kwenye kapu lake, chini ya madaftari, akaenda nayo nyumbani. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kukaidi amri ya mkuu wake. Njiani alisimama mara mbili. Hakumwambia Gelasius, na Gelasius hakumuuliza chupa zilikuwa ngapi.

Damiano hakufurahi. "Nyumba hii wanakuja watu wa jumuiya kusali," alisema.

"Imefungwa."

"Kupe hajui kufungwa."

Alifikiri kidogo, kisha akaleta sahani pana, akaisimamisha chupa katikati na kumwaga maji yenye mafuta ya taa kuizunguka, ili kupe akitoka afie humo. Baada ya hapo hakulizungumzia tena. Watoto wakaanza kupitia nyumbani kwa mwalimu saa nne, wakati wa mapumziko, watatu watatu, wakitazama na kurudi shuleni mbio.

Wiki mbili hazijapita, akaja Mwandu. Alikwenda shuleni kwanza, na fimbo yake, na shuka jeusi begani. Gelasius alidhani amekuja kushtaki, akamwambia mambo ya kupe yalikwisha. Mwandu alisema hataki yaishe, anataka kuyaona. Basi akaelekezwa kwa katekista. Alimkuta Verdiana akipepeta mchele uani.

"Mayu mwalimu," alisema baada ya salamu, akimwita mama kwa Kisukuma na kuendelea kwa Kiswahili cha taratibu, "nimeambiwa wewe unafuga kupe."

"Ni darasa linafuga, baba Minza. Mimi natunza tu."

"Huyu mtoto amenisumbua. Sisi tukitoa kupe tunatupa pale pale zizini. Yeye anaokota, anatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Nikamuuliza kwa nini anamaliza mafuta yangu. Akasema kila mmoja ana elfu mbili. Nikasema shule inamfundisha uongo."

Verdiana aliileta sahani na chupa. Ilikuwa siku hizo hizo ambazo mayai yalikuwa yameanza kuanguliwa. Juu ya kioo, karibu na kitambaa, kulikuwa na kundi la vitu vidogo kama vumbi la ugoro, na ukilipumulia lile vumbi lilitembea. Mwandu alichuchumaa. Alitazama muda mrefu kuliko mtoto yeyote alivyowahi kutazama.

"Kuzaa, najua wanazaa," alisema mwishowe. "Sikujua wanazaa namna hii."

"Na mimi sikujua."

"Wewe ni mwalimu."

"Ndiyo. Minza ndiye alinianzishia."

 Mwandu aliuliza wale wadogo wakikosa ng'ombe wanakufa baada ya siku ngapi. Verdiana alisema hajui. Mwandu akasema basi waachwe humo ijulikane, na aambiwe. Akaaga.

Jumamosi iliyofuata watoto zaidi ya thelathini walikuja nyumbani kwa mwalimu bila kuitwa. Walitaka kuwaona wale wadogo kwa ukaribu, na macho matupu hayakutosha. Verdiana alikumbuka kitu alichoonyeshwa na mratibu zamani: ukikunja ncha ya waya iwe kitanzi kidogo na kukichovya kwenye maji, tone linalobaki ndani ya kitanzi hukuza kitu. Wakatengeneza vitanzi vya spoku za baiskeli. Vingi havikufaa, vitatu vilifaa. Alitoa kupe wachache kwa ncha ya unyoya, akawanasa kwenye tone la mawese juu ya sahani nyeupe ya bati, wasitembee.

Minza ndiye aliyeanza. Alihesabu kimya, akaondoa jicho, akafuta kitanzi, akachovya upya, akahesabu tena.

"Ni sita," alisema.

Wakahesabu wote. Sita. Mtoto mmoja alisema labda miwili imevunjika, wakachukua mwingine, halafu mwingine. Sita. Wengine wakaanza kusema kwamba mwalimu alikuwa sahihi tangu mwanzo. Verdiana akawakatisha.

"Siku ile mimi sikuwa nimehesabu. Nilisema tu."

Minza alikuwa amekunja uso. Ilimkera kwamba alikuwa amesema kweli na bado haikuwa kweli yote. Aliuliza miwili mingine inatoka wapi, na hakuna aliyemjibu siku ile. Jibu walilipata mwezi Julai, bwana mifugo wa tarafa alipopita na baiskeli yake kuchanja ng'ombe na Verdiana akamwahi njiani. Aliwaambia kwamba mtoto wa kupe huanza na miguu sita, akishanyonya damu mara ya kwanza hujivua ngozi na kuota miwili zaidi. Aliongeza kwamba kupe si mdudu kamili, ni ndugu wa buibui. Kisha akamuuliza Verdiana, kwa mshangao usiofichwa, nani aliwafundisha kutumia tone la maji. Wale waliokuwa kwenye chupa walikuwa bado wanatembea. Walifika Septemba wakiwa hai bila kula kitu, na Mwandu aliposikia hivyo alitikisa kichwa, akaacha kabisa desturi yake ya kuhamisha zizi majuma machache ili kupe wafe njaa, kisha kulirudisha pale pale.

Taarifa ya mkaguzi ilifanya kazi yake. Mwaka 1995 Verdiana alirudishwa kufundisha darasa la kwanza, kusoma na kuandika. Mwaka huo huo yalitoka majina ya walimu waliochaguliwa kwenda kusomea daraja la juu, na lake halikuwemo. Gelasius alimwambia kwamba alimwandikia vizuri, na huenda ni kweli. Mwaka uliofuata halikuwemo pia. Safari hiyo Verdiana aliumia kuliko mara ya kwanza, kwa sababu aliyechaguliwa alikuwa binti ambaye Verdiana mwenyewe alimfundisha darasa la pili. Alimsaidia binti huyo kufunga mizigo yake na kumsindikiza mpaka kwenye lori.

Kwa Mwandu ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, haikuisha. Mwaka 1996 alipoteza ndama kumi na wawili, na wapo majirani waliosema kuokota kupe ni mchezo wa watoto. Yeye alisema jirani zake walipoteza zaidi. Huenda walipoteza zaidi, huenda hapana. Hakuna aliyeweka hesabu. Alichofanya ni kushawishi kaya nyingine tano zichange nguvu zichimbe josho la kuogeshea ng'ombe. Walichimba mwaka mzima, wakikatizwa na kilimo, na lilipokamilika lilivuja, likakarabatiwa, likavuja tena, mwisho likashika maji.

Minza alipofika darasa la tano, mwaka huo wa 1996, baba yake alimwachisha shule ili akae nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtu kutoka upande wa Inyonga alikuwa ameanza kuulizia posa. Verdiana alitembea mwendo wa saa mbili kwenda kwa Mwandu, Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Mwandu alimpa kigoda, akamsikiliza, akasema, "Amebakiza miaka mingapi?"

"Miwili na kidogo."

"Amalize."

Hakueleza kwa nini, na Verdiana hakuuliza, alikunywa maziwa aliyopewa na kurudi. Mama yake Minza ndiye aliyemfuata mpaka njia panda na kumwambia kwamba mzee alikuwa ameshaamua tangu juzi, alikuwa anangoja tu mtu aje amwombe.

Minza alimaliza la saba mwaka 1998. Alifaulu, lakini wilaya nzima ilikuwa na nafasi chache za sekondari na shule yao haikupata hata moja. Aliolewa mwaka uliofuata, sio na yule wa Inyonga, akahamia Mpimbwe, kwenye vijiji ambako Verdiana alizaliwa. Huko akajulikana kama mtu wa kuitwa ndama akiugua, kwanza na Wasukuma wenzake, baadaye hata na Wapimbwe waliokuwa wameanza kununua ng'ombe. Hakuwa na cheti. Aliangalia masikio, akapapasa matezi, akasema kama ni ndigana au si ndigana, na kama hajui alisema hajui.

Verdiana alipata uhamisho mwaka 1999, Damiano alipopangiwa kazi ya parokia mjini. Alipelekwa kwenye shule pembezoni mwa Mpanda, upande wa Misunkumilo, darasa la pili, watoto tisini na nne. Mwalimu mkuu mpya alimpitisha kwenye chumba chake. Kilikuwa na madawati kumi na moja. Verdiana aliomba ruhusa ya kuwa nje na watoto vipindi viwili kila siku. Mwalimu mkuu alimuuliza nje watafanya nini. Alisema bado hajajua, itategemea watakachouliza. Mwalimu mkuu alitazama madawati yale, akatazama watoto waliokuwa wamekaa chini mpaka mlangoni, akasema hana pingamizi.